Zeituni Anajua Basi Liko Wapi

"Zeituni, kwani basi ni mume wako? Kila saa unajua liko wapi na limelala wapi!"

Jirani yake, Edah, alimuuliza hivyo siku moja kisimani, na wote waliokuwa wakiteka maji wakaangua kicheko. Zeituni Bashir alijitwika ndoo yake. "Hata mume wangu simngojei hivyo," akajibu, akaenda zake.

Asubuhi hii mvua imekatika. Zeituni anafagia matope katika chumba cha abiria, kituo cha mabasi cha Mumias. Mikono iko kwenye ufagio, lakini macho yako barabarani. Trekta ya miwa inatokea upande wa Musanda ikielekea kiwandani. Mbele yake umefungwa muwa mmoja, umesimama wima, hauna jani hata moja.

"Limekwama!" Zeituni anatangaza. "Basi la kutoka Musanda kwenda Kakamega limekwama kwa tope. Mwenye haraka asilingoje."

Muwa wenye majani maana yake dereva amelipita basi likiwa linatembea. Ulionyolewa majani maana yake ameliacha limezama. Zeituni alikubaliana hivyo na dereva mmoja, Wangila, baada ya kuchoka kuona akina mama wakishinda hapo na watoto wagonjwa. Madereva wengine wakafuata. Na miaka hii ya sabini, watu wakiwa wamepanda miwa hadi mlangoni, trekta hazikatiki usiku wala mchana.

"Mwanzo tulihangaika," anasema akicheka. "Wangila alikuwa anashika huo muwa kwa mkono. Siku moja njaa ikamshinda, akautafuna wote njiani. Nikamwambia, wewe umekula basi la watu!"

Kampuni ya basi humlipa shilingi mia nne kwa mwezi ili afagie. Fedha hizo ndizo zinazowasomesha watoto wake wawili. Kwa habari anazotoa, halipwi kitu.

Leo habari hizo zimemletea balaa. Ng'ambo ya barabara basi la kampuni nyingine linanguruma, tayari kwenda Kakamega. Karani wa kampuni yake, Lusweti, anatoka ofisini mbio, kalamu sikioni.

"Mama, si nilikukataza? Waambie linakaribia."

"Linakaribia wapi, bwana karani? Liko kwa tope."

"Wewe ni mtu wa ufagio."

"Na nimefagia. Tazama chini, kama hujapakanyaga."

Abiria wanacheka. Karani hacheki. Anasimama mlangoni, anainua kidole.

"Abiria mmoja tu akitoka hapa kwa maneno yako, kesho usije."

Zeituni anauegemeza ufagio ukutani, anaikaza leso yake kiunoni.

"Adhuhuri nitasimama kuswali," anasema. "Nimwambie Mungu nini? Kwamba niliwadanganya watu ili niendelee kufagia? Siwezi. Mimi husemanga kile nimeona. Ukinifukuza, nitaweka kiti changu kule ng'ambo. Barabara si ya kampuni yenu, na trekta zitapita tu."

Tayari amemwomba fundi ubao mweusi. Anataka kuandika kwa chaki kubwa mahali basi lilipo, ili hata aliyechelewa kufika asome mwenyewe. "Ufagio wataninyang'anya," anasema, "macho hawawezi."

Kisha anawageukia abiria. "Nimesema. Limekwama."

Kwenye benchi ameketi Mzee Osundwa, anampeleka mjukuu wake hospitali huko Kakamega. Mtoto amemlalia begani, anahema kwa taabu. Mzee anamtazama karani, kisha Zeituni.

"Mama, nikitoka si nitakuharibia kazi?"

"Peleka mtoto, mzee."

Osundwa anamfunika mjukuu kwa koti lake. Anampita karani pale mlangoni, mabega yakigusana, anavuka barabara kwenda kwenye basi lile jingine.