Kisiwa Kilichochorwa Kutoka Mtumbwini

Juzi nilivuka ziwa kwenda Nkombo, kisiwani kwetu, kwa boti ya mota, rafiki yangu, nikafika hata ndizi yangu sijamaliza kuimenya. Nilikasirika. Enzi zetu safari ile ilikuwa darasa.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi. Mimi na bibi tulikuwa tumekimbia vita vya kwetu hadi Bukavu, ng'ambo ya ziwa, kisha vita vya Kongo vikatufukuza huko nako. Tuliporudi kisiwani tukakuta jirani analima shamba letu la ufuoni na kudai ni lake.

Siku za soko tulipeleka viazi vitamu Kamembe, mji wa ng'ambo. Mtumbwini akina mama waliipa Kamembe mgongo, macho nyumbani, maana kuipa nyumba kisogo ilikuwa kukosa adabu. Kila ghuba na kila jiwe tulilolipita walilitaja kwa jina, na nani analima hapo, nasi watoto tukirudia. Mtoto akikosea, anaanza upya, huku wenzake wanamalizia sambaza, dagaa wetu wa ziwani, za kukaanga. Hiyo ndiyo ilikuwa ramani yetu. Ile ya darasani, waliyochora Wazungu zamani, ilikionyesha kisiwa chetu kama punje ya harage, bila jina hata moja.

Siku moja komini, yaani serikali ya pale kwetu, ikamtuma mchora ramani. Atakayeandikwa, shamba lake. Akamsimamisha bibi katikati ya shamba.

"Maman, mupaka yako inaanzia wapi?"

Bibi akababaika. Akataja jina moja, akaruka la pili, akasema kulia huku anaonyesha kushoto. Jirani akacheka: "Huyu mama hajue kwake!"

Bila shamba lile tungekula nini? Ndipo nikaelewa: bibi alijifunza ardhi ile akiwa majini, hakujifunza akiwa amesimama juu yake.

"Papa," nikamwambia mgeni, "umupandishe mu mutumbwi. Akikaa humo, atakuambia yote."

Alitabasamu, lakini akapanda. Bibi akakaa, akaipa Kamembe mgongo, na mtumbwi uliposogea sauti yake ikarudi.

"Andika, mutoto yangu. Kutoka kwa ile jiwe nyeusi mupaka kwa ile muti ya muvumu, ni kwetu. Kisha ni kwa huyu mwenye kucheka."

Akina mama waliokuwa wanafua ufuoni wakamwitikia kila jina. Tulizunguka kisiwa kizima, nami nikakiona kinatokea kwenye karatasi, ghuba kwa ghuba. Nilijivuna kupita kiasi, na sioni haya kusema hivyo. Jirani alivuna mihogo yake akatuachia shamba.

Shamba lile ni letu hadi leo, nalilima kifua mbele. Ila mchora ramani aliandika mipaka na wenye mashamba. Majina ya ufuo hakuyaandika. Bibi hayupo tena, na akina mama wale hawapo. Nikiyataja peke yangu, yote huja kwa mpangilio, isipokuwa moja, la hapo hapo penye shamba letu. Mpaka wake naujua hatua kwa hatua. Panaitwaje, sijui tena, wala sina wa kumuuliza.