Chewa Anangoja Kuitikiwa

Msimu huu wa karafuu nilichoka hadi kivuli changu kikawa kinaburura miguu. Mchana kutwa juu ya mikarafuu, baada ya magharibi chini mkekani kuchambua, na mbele yetu karafuu mbichi zimerundikwa kilima kirefu kupita minara yote ya Chake Chake.

Hapo mkekani ndipo bibi yangu husimulia ngano ya samaki chewa aliyeoa binti wa watu. Kijijini kwetu amebaki yeye tu anayeijua, na imeanza kumtoroka. Usiku mmoja chewa alifika kuposa, uliofuata bibi hakumkumbuka bibi harusi. Nikasema, mimi mhitimu wa skuli ya usiku, ngano hii itapotea nina simu mfukoni?

Nikaiweka simu juu ya pakacha, nikanyamaza kimya ili sauti itoke safi.

"Hapo kale alikuwapo chewa," akaanza, mikono ikichambua. Akangoja. Nikamwonesha simu kwa kidole.

"Alikuwapo chewa!" Nikamwonesha tena.

"Mume wangu," ndivyo anavyoniita mimi mjukuu wake, "umekufa?"

"Mzima, bibi. Narikodi."

"Na hiyo simu mbona haiitikii?"

"Haiitikii hiyo. Inasikiliza tu."

"Hata pakacha linasikiliza. Simsimulii pakacha mie." Akafunga mdomo, tukachambua hadi isha kama tuliogombana.

Jioni ya pili nikaifunika simu kwa kanga huku inarikodi, nikaitikia mwenyewe. "Ehee." Chewa akatoka baharini. "Ehee." Akaposa. Kila niliposinzia alinirushia makonyo, vile vijiti vya karafuu, usoni, ngano ikasimama pale pale. Tulipofika harusini akakwama, macho yakamtembea.

"Ehee, bibi. Bibi harusi alivaa nini?"

"Alivaa..." Mikono ikatulia. "Kanga mbili za mama yake, zimelowa chumvi! Maana alikuwa akilia tangu asubuhi." Na binti mzima akarudi, na jina lake, na wimbo wake.

Nilifurahi nusura niruke, lakini mwili ulikuwa wa kuazima. Kwenye rikodi nasikika napiga miayo ya kumeza kisiwa, kisha nakoroma. Halafu sauti yake, taratibu: "Mume wangu kalala. Basi chewa naye alale. Mwisho wa ngano nitampa aliye macho."

Leo tena nimeshuka mkarafuuni magoti yanalia. Nimeoga maji baridi, nimekunywa kahawa chungu, nimekaa mkekani. Bibi kachukua shada la kwanza, ananitazama.

"Ehee, bibi," nimemwambia, kabla hajaanza.