Ubao wa Mshindi wa Besiboli ya Mezani

Mwaka 1986, mvua ya masika ikiendelea, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja na nilikuwa mjane kwa mwaka wa tatu. Nyumba yetu ya mtaani Kapsoya ilikuwa imeingiwa na unyevu, nikatoa vitu vya marehemu mume wangu nivianike jikoni. Miongoni mwavyo palikuwa na sanduku la besiboli ya mezani, mchezo wa kadi na dadu ulioachwa na mwalimu wa kigeni katika shule ya upili ambako mume wangu alifundisha jiografia. Kila kadi ilikuwa mchezaji. Dadu ziliamua nani amepiga mpira na nani ameudaka.

Mwaka 1981 walimu walicheza ligi nzima sebuleni kwetu, na mume wangu akashinda. Jina lake likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye ubao mweusi katika chumba cha walimu. Yeye ndiye aliyewasomea wenzake kijitabu cha sheria. Mimi nilipika chai tu, sikujua kusoma. Darasa la ngumbaru nililianza Januari 1984.

Sasa nilikisoma kijitabu hicho mwenyewe, kwa wiki tatu, kamusi ikiwa kando. Habari ya viwanja mume wangu aliielewa barabara: ukuta ukiwa karibu, mpira hutoka nje kwa urahisi na kuleta alama, kwa hiyo mpigaji wa uwanja huo asisifiwe kupita kiasi. Wenzake walikubali mara moja. Walikuwa wamewaona wakimbiaji wa Kaptagat, kule kwenye nyanda za juu, wakajua kwamba mahali humsaidia mtu.

Udakaji ndio aliokosea. Kila mdakaji alikuwa na nambari, moja hadi tano. Mume wangu alizichukulia kama maksi, tano ikiishinda moja, na wenzake wakamfuata. Kijitabu kilizihesabu kama nafasi darasani: wa kwanza ndiye bora. Mdakaji wake wa katikati, yule wa nambari tano aliyemsifu msimu mzima, alikuwa mbovu kuliko wote sandukuni.

Daftari lake lilikuwa na kila mrusho wa dadu. Nilizirudia mechi zote kwa nambari sahihi, nikamaliza Desemba. Alikuwa wa tatu. Nilizirudia tena nikitumaini nimekosea. Wa tatu.

Januari naibu wa mwalimu mkuu, aliyekuwa mwenyekiti wa ligi, alikuja kuchukua sanduku ili waanze ligi upya. Nilimweleza. Alicheka, akasema kumbe walikuwa wakigombea watu wasioweza kudaka hata mpira wa kurushiwa na mtoto. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka.

“Mama, tuyaache hayo. Marehemu hana wa kumtetea.”

“Ana mimi, Mwalimu. Na mimi sitaki asifiwe kwa kitu ambacho hakushinda.”

Kamati ya ligi, walimu watano, ilikutana katika chumba cha walimu Ijumaa, tarehe 27 Februari 1987. Niliketi karibu na mlango. Sikuwa na kura. Walibishana hadi chai ikapoa, wawili wakisema ni ukatili kumfuta mtu aliyekufa. Walipoinua mikono, watatu walikubali kwamba ligi ya 1981 haikuwa na mshindi, kwa kuwa wote waliicheza vibaya.

Naibu alileta kopo la rangi nyeusi. Nilimwomba brashi, nikalipaka mwenyewe jina la mume wangu ubaoni. Herufi ziliendelea kuonekana, ikabidi nipake mara ya pili.