Risasi Tano na Mguu wa Mzee Ntakije

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, na huwa inanirudia kila nikisikia harufu ya mawese. Mama yako hudhani nayachukia. Siyachukii, mwanangu. Yananikumbusha tu.

Jana umenitumia picha kwenye simu. Risasi zimepangwa juu ya meza ya kituo chenu, nyingine zinang'aa, nyingine zimefubaa, na chini umeandika: "Baba, kesho kutwa tunamfuata mbogo, nichukue zipi?" Nimefurahi kuliko ulivyofikiri. Mimi katika umri wako sikuuliza, na kwa sababu hiyo kuna mtu alichechemea mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo tulia usome, jibu lako linakuja.

Nilikuwa nimetoka kwetu Kasulu, askari mpya wa wanyamapori, sare imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Nilipangiwa Kibondo, chini ya Mzee Ntakije. Alikuwa Muha mfupi, mtu wa maneno machache, na bunduki yake ilikuwa imechakaa kuliko koti lake. Mimi nilikabidhiwa bunduki kubwa ya kituo, ile ya kipimo cha 458, na siku ya kwanza kuibeba nilijiona bwana mkubwa wa mapori yote mpaka mto Malagarasi.

Haikupita wiki mbili, ikaja habari kwamba kuna mbogo amejeruhiwa kwa gobore na majangili, naye amejificha kwenye matete ya kijito ambako kina mama wa kijiji walikuwa wakichota maji. Alikwishamkimbiza mama mmoja hadi juu ya mti. Mbogo mzima ana shughuli zake, mwanangu, lakini mwenye jeraha shughuli yake ni wewe.

Mzee akaniita stoo, akafungua sanduku la risasi. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kuchagua mbegu. Zile zenye ncha laini, zinazochanua zikigonga nyama, zina siku yake: mnyama aliyetulia, amekupa ubavu, hajui kama upo. Mwenye jeraha hakupi ubavu. Anakuja kichwa mbele, mifupa mitupu, na hapo inatakiwa risasi ngumu isiyochanua, inayopita mfupa na kufika moyoni. Akasema nichague tano ngumu, za aina moja, kila moja niipitishe kwenye bunduki, iingie na kutoka bila kusita, kisha nizifute zikauke kabisa. Akaniacha nayo kazi hiyo, akaenda kunoa panga.

Sasa nikueleze ujinga wangu. Zile ngumu zilikuwa kuukuu, maganda yamefubaa. Pembeni palikuwa na pakiti ya zile laini, waliziacha wageni waliokuja kuwinda, zinang'aa utadhani zimetoka kiwandani asubuhi ile. Vyote ving'aavyo si dhahabu, naijua methali hiyo tangu shuleni, lakini kuijua methali na kuikumbuka siku yake ni mambo mawili. Nikachukua tano zinazong'aa.

Kuzipitisha kwenye bunduki sikuzipitisha. Nilikuwa na haraka ya kuwahi sokoni, kulikuwa na binti mmoja akiuza maharage, na huyo binti ndiye leo anakupigia simu kila Jumapili kukuuliza kama umekula. Ila ili nisionekane mvivu, nikazipaka mawese. Usicheke. Kwetu Kasulu mawese ni dawa ya kila kinachokwama: bawaba ya mlango, mnyororo wa baiskeli, hata pete kwenye kidole. Nikaona zitateleza vizuri. Nikazitia kwenye mkoba wa turubai, nikaondoka zangu.

Jioni Mzee aliniuliza, "Umezipitisha?"

Nikamjibu, "Nimezipitisha zote, Mzee." Akaniamini, akalala.

Asubuhi tulitembea saa tatu kwenye vumbi la kiangazi. Ndani ya mkoba lile vumbi lilikuwa linashikamana na mawese, mimi sina habari. Tulipofika kwenye matete, nikajaza bunduki bila kutazama, macho yangu yote yakiwa mbele. Mbogo alitoka hatua kama ishirini, bila kelele. Nikapiga. Ikampata begani, ikachanua pale pale juu ya mfupa, wala haikwenda ndani. Hakupunguza hata mwendo. Nikavuta bolti, lile komeo la bunduki, nikasukuma risasi ya pili. Ikafika nusu, ikaganda. Nikasukuma tena. Mwanangu, niliogopa mpaka nikasahau jina langu.

Mzee Ntakije alinisukuma kando kwa bega, akasimama pale nilipokuwa nimesimama mimi. Bunduki yake chakavu ililia mara moja. Mbogo akafa, lakini alikufa akiwa bado anakuja, na uzito wake wote ukamwangukia Mzee kwenye mguu wa kulia. Niliusikia ukivunjika.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na aliyevunjika ni mkuu mwenyewe.

Wanakijiji walikata miti wakatengeneza machela, tukampokezana mpaka barabarani. Siku ya tatu nilimkuta hospitali, mguu umefungwa, ameishika ile risasi iliyokwama, wenzetu wa kituo waliitoa kwenye bunduki yangu wakampelekea, bado ina mafuta na mchanga. Aliitazama, akanitazama.

"Ulizipitisha?"

Machozi yalinitoka mbele ya wagonjwa wenzake. Nikasema, "Hapana, Mzee. Sikuzipitisha."

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu kwa Kiha chetu, bila hasira, "jibu hilo ungenipa jioni ile, tungezipitisha wote wawili, tukaenda kula."

Hakunishitaki. Ningefukuzwa kazi ingekuwa nafuu. Miaka yote aliyoishi baada ya hapo nilimwona akipita sokoni Kibondo na fimbo yake, ananisalimia vizuri, na kila salamu yake ilinichoma. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu saa tatu, na mwenzangu ndiye aliyerudi akibebwa.

Basi jibu lako hili hapa. Chagua risasi kwa kumtazama mnyama, usichague kwa kutazama mng'ao. Huyo wenu kama ana jeraha, chukua ngumu, za aina moja, hata kama zimefubaa. Pitisha kila moja kwenye bunduki, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Inayosita iache, usiibembeleze. Zifute kwa kitambaa kikavu, na mawese yabaki jikoni kwa mama yako. Na mkubwa wako akikuuliza kama umefanya, nawe hujafanya, mwambie hujafanya. Aibu ya neno hilo haifiki hata asubuhi. Mimi yangu ninayo mpaka leo, na mvi hizi zote.

Mungu akutangulie, mwanangu. Imana ikurinde, kama tusemavyo Waha, Mungu akulinde, wewe na unayetembea naye. Miguu minne mtakayoingia nayo porini, mrudi nayo yote minne.