Kwao Kijiji cha Miiba

Mjukuu wangu alipotaka kuolewa na Mzungu hapa Wembley, mie sikukataa. Kijana kasilimu, ana adabu, na biriani anakula kwa mkono mpaka rojo linamfika kwenye kiwiko. N'lichokataa ni jina. Kwetu mwanamke haachi jina la babake akiolewa. Mie mwenyewe n'liolewa n'kabaki na langu, na n'tazikwa nalo. Na huyu mjukuu ndiye wa mwisho mwenye jina la marehemu mume wangu. Mwanangu wa pekee alimzaa yeye tu, kisha akafariki. Akilivua, limekwisha.

“Bibi, please, usianze,” akanambia, sauti imempanda puani kama paka aliyebanwa mlangoni. “It's just a name.”

Kijana akasogeza kiti, akanieleza jina lake taratibu, kama anamlisha mgonjwa uji. Mjukuu anafasiri. Ati maana yake Kijiji cha Miiba. Kiingereza chake ulimi wangu haukiwezi, basi mie namwita hivo hivo. Zamani za wafalme, babu yao alitoka kijijini humo.

“Vyema,” n'kasema, “twendeni.” Kwetu posa haijibiwi mpaka watu waende kwao mume, waulize majirani: huyu mtoto wa nani, watu wake wakoje? Na mwenye jina la kijiji hakosi jamaa kijijini.

Wakatazamana, wakacheka, Jumapili wakanitia garini.

Tukakuta kanisa, makaburi, na bi mkubwa wa Kizungu anatembeza mbwa. Mjukuu akamuuliza. Yule bibi akavuta shingo kama bata mzinga: “Oh, no, no, no!” Watu wa jina hilo hapo hawajapata kuwapo. Kijana akazunguka makaburi akisoma moja moja, akarudi masikio mekundu.

Bi mkubwa akatucheka. Ati kijijini wote ni wa kijiji hicho, sasa nani aitwe hivo? Jina hilo walipewa waliohama. Mtu akifika ugenini, wakiulizana, nani yule? Aa, yule wa Kijiji cha Miiba. Likamganda, likawaganda na wanawe. Jina aliloitwa na mamake, hakuna alijuaye.

Hata mie Unguja nani aliniita Mzanzibari? N'meitwa hivo huku huku. N'kataka kumtania kijana, “Ewe mkimbizi mwenzangu,” n'kaona masikio bado mekundu, n'kaingia garini.

Kurudi, n'kamwambia mjukuu anitajie babu zake. Akataja lake, la babake, la babu yake. Akaishia hapo.

“And then, Bibi?”

N'kampa moja tu, la baba mkwe wangu. La mbele yake sikuwahi kuliuliza, na wa kumuuliza hayupo.

Akanishika mkono. “Nikiolewa n'tachukua lake, ila la babu n'talikumbuka.”

“Eeh, mwanangu,” n'kaitikia. Nifanyeje?