Fungu la Simiyu

Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, mwenye pengo mbele na sweta ya shule iliyonipwaya, miaka ile ambayo kila Jumapili uwanja wa ploti yetu ya Kangemi uligeuka kuwa baraza la wavuvi. Sasa nina watoto wangu, nafanya kazi katika ofisi ya orofa ya tano mjini, na mambo mengi ya umri ule yamenitoka. Hili halijanitoka. Nikilisimulia, watu hunitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa. Kwa hiyo kwa kawaida hunyamaza.

Ng'ambo ya bonde letu kulikuwa na shimo la zamani la kuchimba mawe. Wachimbaji walipoliacha lilijaa maji, na mtu fulani ambaye hakuna aliyemjua akatia samaki humo. Baba yangu, aliyekuwa seremala, na marafiki zake waliotoka Magharibi mwa Kenya kama yeye, walikuwa wakitoka kanisani wanavua suti, wanachukua ndoano na mkebe wa minyoo, wanashuka bondeni. Siku nyingi walichokipata hakikujaza sahani. Haikuwa hoja. Hoja ilikuwa kurudi kwetu saa tisa alasiri, kuwasha jiko pale uani, na kusimuliana. Ndipo niliposikia habari za kambare mrefu kama mimi, za kware walionaswa kwa matundu yaliyotundikwa juu ya miti mirefu, za swara aliyegeuka akawafukuza mbwa mpaka wakajificha jikoni kwa mwenye mbwa.

Hawakuwa wa kwetu tu. Mzee Singh alikuja na pikapu yake kutoka Westlands, alikokuwa akiuza vipuri vya magari. Baba alimtengenezea rafu za duka, na kabla rafu hazijakauka rangi wakagundua kwamba wote wawili wana ugonjwa wa kuvua. Alikuwa na ufito wa kisasa wenye gurudumu la kukunjia mshipi, na ujanani alivua kwenye mito baridi ya milimani. Akisimulia alifumba macho, kana kwamba anasali.

Lakini bingwa wa masimulizi alikuwa Makokha. Alikuwa fundi wa rangi, aliishi mtaa wa Satellite, na vidole vyake havikukosa madoa meupe. Alikua pamoja na baba yangu na mdogo wake Baba aliyeitwa Simiyu. Huyo Simiyu sikumjua. Mto Nzoia ulimchukua kabla sijazaliwa, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, na mwili wake haukupatikana. Nyumbani walizika mgomba badala yake, kama inavyofanywa kwetu mtu akipotea namna hiyo.

Hadithi ya siku ile Makokha aliijua peke yake, maana alikuwako. Aliisimulia vizuri mno. Walikuwa chini ya daraja, alisema. Simiyu alinasa samaki mkubwa, samaki akamvuta, naye akaingia majini kwa kuona aibu kumwachia. Makokha akaruka nyuma yake, akamshika mkono. "Nikavuta, naye akavuta, na mto ukavuta," alikuwa akisema, akinyoosha mkono wake mbele yetu, "mpaka vidole vikaachana." Watu wazima walitazama chini, na Baba alisonya polepole, akatikisa kichwa.

Mwaka huo Kukhu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu Bukusu, aliletwa Nairobi kutibiwa macho. Alikuwa mama yao Baba na Simiyu. Asubuhi mama yangu alimpeleka kliniki karibu na Kenyatta Market, na mchana alikaa mlangoni petu na kitambaa cheupe juu ya jicho moja, akisikiliza mji asioweza kuuona vizuri. Jumapili yake ya kwanza alimsikia Makokha akisimulia. Mpaka siku hiyo alikuwa amepewa habari hiyo kwa mkato tu, siku ya msiba. Alisikiliza mpaka mwisho, pale vidole vilipoachana.

"Makokha, mwanangu," alisema, "umemtaja Simiyu na hujamtengea."

"Kumtengea nini, Mama?"

"Fungu lake. Mtu aliyefia kwenye mawindo, ukitaka kusimulia mawindo yake unamwekea kipande chini kwanza. Ndiyo kumwomba ruhusa. Usipomwekea atakuja asimulie mwenyewe."

Makokha akacheka.

"Mama, hapa ni Nairobi. Hapa hata mapepo yanalipa kodi ya nyumba. Simiyu atapita wapi na hii jam ya Waiyaki Way?"

Wote wakacheka, hata Baba. Kukhu hakucheka. Nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake, na niliona alivyogeuza lile jicho lililo wazi likatulia kwenye sahani ya samaki. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja. Makokha alikichukua, akakila, akalamba vidole.

Siku ya Jumanne mwalimu wangu alinisimamisha katikati ya somo, akainama, akanusa sweta yangu. Aliniuliza kama nimecheza mtaroni. Nilisema hapana. Mama alikuwa ameifua Jumapili jioni na kuianika juani siku nzima ya Jumatatu. "Basi mbona unanuka mto?" mwalimu akauliza, na watoto wakacheka. Mimi nilikuwa sijawahi kuukaribia mto wowote isipokuwa ule mfereji mweusi wa bondeni, na huo hunuka mambo mengine. Nilijinusa kwenye kiwiko. Ilikuwa harufu ya majani yaliyolala majini na matope safi. Sikuichukia. Hilo ndilo lililonitisha baadaye nilipokua, kwamba sikuichukia.

Alhamisi Mama aliifua tena. Ijumaa ilikuwa imerudi. Kukhu aliniita, akaishika sweta, akaipeleka puani. Alinishika kichwa kwa mikono miwili kwa muda mrefu, kama anayetafuta kitu chini ya nywele zangu.

Jumapili iliyofuata jua lilikuwa kali. Wavuvi walirudi wakiwa na furaha, maana Mzee Singh alikuwa amevuta kambare wa kutosha watu wote. Nilipewa kazi ya kupepea jiko. Walikuwapo wageni wawili, majirani wa Makokha, na mmoja wao akasema, "Sasa ile ya Simiyu, tupatie. Huyu hajaisikia."

Makokha alimtupia Kukhu jicho. Kukhu alikuwa mlangoni, ametulia. Basi akaanza. Daraja, samaki mkubwa, aibu ya kumwachia. Nilikuwa naijua hadithi hiyo kwa moyo, na nilipepea makaa nikiisubiri ile sehemu ya vidole.

Alinyoosha mkono. Hapo mdomo wangu ukajaa ladha ya tope. Nilitaka kutema, lakini badala ya mate yalitoka maneno.

"Si kweli, Karani," nilisema.

Lazima nieleze mambo mawili. Mimi nilikuwa mtoto wa Nairobi. Kibukusu nilikijua cha salamu tu, na hata hicho binamu zangu wa nyumbani walinicheka. Maneno yale niliyasema kwa Kibukusu, na niliendelea kwa Kibukusu, bila kukwama. Sauti ilikuwa yangu mwenyewe, ya mtoto mwenye pengo, na Baba aliniambia miaka mingi baadaye kwamba hilo ndilo lililomwogopesha, kwamba sauti haikubadilika. Jambo la pili ni hilo jina. Hakuna mtu Nairobi aliyemwita Makokha "Karani". Lilikuwa jina la utani la utotoni, kwa sababu alipenda kuchomeka kalamu mfukoni, na mtu aliyelipenda kuliko wote alikuwa Simiyu.

Sahani ya Makokha ilianguka.

"Haikuwa darajani," nilisema. "Ilikuwa kwenye kona, penye miwa. Wewe ndiwe uliyesema twende. Wewe ndiwe uliyenifunga kamba kiunoni niingie nikautoe mgono, mtego wetu wa samaki, kwa sababu wewe uliogopa."

Nilikuwa nasikia kila neno. Nilikuwa nimekaa ndani yangu kama mtu aliyeketi kiti cha nyuma cha gari. Niliona makaa, niliona nzi kwenye kichwa cha samaki, niliona Mzee Singh akitazama huku na huku kutafuta atakayemtafsiria.

Kukhu aliinuka. Hakupiga kelele. Alikuja akipapasa hewa kwa mkono mmoja mpaka akanigusa bega, akauliza kwa sauti ya kumwita mtoto aje ale, "Uko wapi, baba?"

"Chini ya jiwe lenye mgongo kama tandiko," nikasema. "Walinitafuta darajani siku tatu. Niliwasikia."

Kisha nikalia, na nililia kwa Kiswahili, kama mtoto yeyote, nikiomba maji ya kusukutua. Mama alikuja mbio, akaninyakua.

Nilimtazama Makokha nikiwa begani kwa Mama. Uso wake ulikuwa umeporomoka. Baba alikuwa ameshamfikia, amemkamata ukosi, na mkono wake mwingine umekunjwa ngumi. Mzee Singh alimkumbatia Baba kwa nyuma akimrudisha.

"Mwache," Kukhu alisema. "Mwache amalize."

Aliuliza samaki mkubwa kuliko wote yuko wapi. Alipewa, akainama, akamweka kwenye udongo, mzima, karibu na miguu ya Makokha. Akakaa chini papo hapo.

"Sasa simulia," alisema. "Yote."

Makokha alisimulia, na safari hii hakusimulia vizuri. Alirudia maneno, alipenga kamasi, aliacha sentensi njiani. Ile kona ya mto wazee walikuwa wameikataza, maana maji yake huzunguka chini kwa chini. Lakini samaki walijaa pale. Alifunga kamba kwenye kiuno cha Simiyu, akabaki ukingoni akiishika. Maji yalipomkamata Simiyu, kamba ilimchoma Makokha viganja. Akaiachia.

"Niliiachia, Mama. Haikukatika. Niliiachia."

"Na darajani?"

"Niliogopa wataniuliza tulikuwa kule tukifanya nini. Nikasema daraja. Halafu wakaanza kutafuta, nikashindwa kurudi nyuma. Kila siku nikasema nitasema kesho."

Hakuna aliyemgusa. Wageni wawili walishaondoka bila kuaga. Kukhu alikaa pale chini mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia, kisha akamwambia Baba, "Natakiwa nyumbani."

Jumanne Mzee Singh aliwapeleka kwa pikapu yake, Kukhu mbele, Baba na Makokha nyuma wakiwa wamekaa kila mmoja upande wake, njia nzima mpaka Bungoma. Hayo aliniambia Baba. Ilikuwa kiangazi na mto umepungua. Kwenye kona penye miwa walikuta jiwe lenye mgongo kama tandiko. Hawakupata mfupa wala nguo, na baada ya miaka yote ile hakuna aliyetarajia. Kukhu aliingia mpaka magotini, akamwita mwanawe kwa jina lake lote, akaokota jiwe dogo kutoka chini ya lile kubwa, akalifunga katika leso yake. Walilizika kando ya ule mgomba. Harufu ya sweta yangu ilikwisha wiki hiyo hiyo. Kukhu aliishi miaka miwili zaidi, na hakuwahi kuniuliza chochote.

Nimejaribu kulielewa jambo hili kwa akili ya mtu mzima. Kuta zetu zilikuwa za mabati na mbao, na mtoto husikia mengi. Pengine Makokha alishawahi kulewa akajisemea peke yake karibu nami. Pengine Kibukusu kilikuwa kimelala kichwani mwangu tangu nikiwa mgongoni kwa Mama. Siku nyingine maelezo hayo hunitosha. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba hadithi za uvuvi na mawindo husimuliwa na aliyerudi nyumbani. Binamu zangu sasa wana kundi lao kwenye simu, wanatumiana picha za samaki na maneno ya majigambo, nami husoma na kutabasamu. Ila kila mara nataka kuwauliza mlikuwa wangapi mlipoondoka.

Baba hakuzungumza na Makokha kwa zaidi ya mwaka. Walikuja kupatana, lakini ndoano hawakuzishika tena pamoja. Mwaka jana nilisikia Makokha anaumwa, nikaenda kumtazama Satellite. Alikuwa amekonda, amekaa kitandani na redio mapajani. Tulizungumza habari za watoto wangu. Nilipoinuka kuondoka alizima redio.

"Nanjala," alisema, "nikuulize kitu. Ile siku. Alikuwa na hasira na mimi?"

Kwa miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza nilichohisi. Waliuliza nilichosema tu. Nilikaa tena, nikatafuta ndani yangu, nikakipata pale pale kilipokuwa.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuwa na hasira. Alikuwa anasikia baridi."

Makokha alitikisa kichwa mara nyingi, taratibu, kisha akavuta blanketi lake mpaka kifuani na kuugeukia ukuta. Sijui hadi leo kama nilimfariji au nilimwadhibu. Nilimwambia kilichokuwa kweli, nikatoka, nikafunga mlango polepole.