Kipolandi cha Chumba cha Kufulia

Kipolandi nilikisomea katika chumba cha kufulia cha hospitali ya misheni, huko Meru, Kenya, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya serikali ya kikoloni. Ukicheka, cheka. Wenzangu pia walicheka, wakaniuliza kama nataka kuolewa na Mpolandi.

Mwalimu wangu alikuwa nesi mzungu tuliyemwita Sista. Alifika Afrika na wakimbizi wenzake wakati wa vita vikuu, wenzake wakaondoka, yeye akabaki. Hakuwa na mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao. "Mdomo yangu nalala," aliniambia asubuhi moja nikipiga pasi. Akakaa juu ya kikapu cha mashuka, akaanza kunifundisha.

Vitabu hakuwa navyo. Alichukua tu kilichokuwa mbele yetu. Mam kurę, nina kuku. Nie mam kury, sina kuku. Wuui, nilikasirika! Kuku ni yule yule, kwa nini jina ligeuke ati kwa sababu hayupo? Sista alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaniuliza mbona na sisi tunasema mti mrefu, halafu ghafla kisu kirefu. Nikaona basi, sisi neno tunalishika kichwani, wao wanalishika mkiani, na kila mtu na kwao. Tangu hapo nikakipenda. Nilikunja mashuka nikijisemea peke yangu: nina maji, sina maji, nina mkate, sina mkate. Hata leo nikinusa shuka lililotoka kupigwa pasi maneno hayo hunijia, na asubuhi zile nazitamani sana.

Siku moja somo likafika kwa watu wa nyumbani. "Masz brata?" Una ndugu wa kiume? Nilitakiwa nijibu mam brata, ninaye, au nie mam brata, sina.

Nikaweka pasi chini.

Ndugu yangu alikuwa msituni na wapiganaji wa uhuru. Tulipohamishiwa kijiji kilichozungushiwa waya, karani alikuja kuandika watu wa nyumba yetu, na mama alinyamaza tu mpaka akapita. Nikisema ninaye, nimemuuza. Mdomo uliponza kichwa. Na kusema sina? Kwetu ndugu aliye hai humkani kwa kinywa chako, hata kwa mzaha, hata kwa lugha ya watu. Mliyetoka naye tumbo moja ukisema huna, umemwitia kifo.

"Sema," Sista akanihimiza.

"Sisemi."

"Ni sentensi tu!"

"Ni sentensi ya kwenu. Mimi sisemi!"

Kumfokea mzungu, enzi zile! Sista akajigusa kifua na kusema polepole, "Nie mam brata." Ndugu zake wote walimalizwa na vita. Akainuka akaenda wodini, nami nikabaki na hofu kwamba ameshajua.

Haikupita wiki, afisa mzungu wa serikali akaja na homgadi wake, askari wa kijiji. Kumbe kuna mtu kijijini alikuwa amenong'ona. Wakanisimamisha uani. "Wewe iko ndugu msituni?" afisa akauliza. Nikikubali, nyumba ya mama inachomwa. Na lile neno lingine singelitoa hata kwa viboko.

Sista akatoka wodini, mikono imejaa dawa. "Yeye hapana iko ndugu," akasema. "Mimi nauliza yeye zamani. Yeye nasema hapana." Uongo mtupu, na uso mkavu! Afisa akamwamini mzungu mwenzake, wakaenda zao.

Jioni nilimsimulia mama. Akasema, "Neno hilo amelibeba yeye. Sisi hatujamkana mtoto." Akamwombea Sista kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, kama anavyoombewa mtu wa ukoo.

Sista aliondoka Kenya kabla ya Imajensi kwisha. Tuliagana kwa Kipolandi, nikakosea maneno, naye hakunisahihisha. Mwaka uliofuata ndugu yangu alitoka msituni, mifupa mitupu, akakaa jikoni na kumaliza sufuria ya njahi, yale maharage meusi, bila kuinua kichwa. Mama alimtazama tu, akasahau hata kumpa maji. Mimi nilitoka nje nikalia. Nilitaka Sista awe pale, amwone akila.